Vifurushi vitatu vya usafi wa kina wa gari: dawa zipi, na bei ijengwe vipi?

PovuJeupe aliuliza:

Habari za kazi wakuu. Naomba msaada wa wanaoijua hii kazi kwa undani. Kijiwe cha kuosha magari kinahamia kwenye usafi wa kina. Vilivyopo ni watu wawili, mashine moja ya presha, vakyumu ya maji na vumbi, na mashine ndogo ya kufulia siti. Mashine ya polishi haipo, na kwa sasa sitaki kugusa kazi ya kuondoa mikwaruzo.

Nataka vifurushi vitatu tu:

1. Nje peke yake
2. Nje na ndani
3. Nje, ndani, kufua siti na kapeti, na kinga ya rangi

Maswali: (a) dawa zipi ni za lazima, na zipi ni mbwembwe za dukani? Kila muuzaji ana chupa ishirini na kila chupa ni "muhimu". (b) Bei naipangaje bila kubahatisha? Mpaka sasa inaangaliwa bei ya jirani kisha inapunguzwa kidogo. (c) Gari dogo na gari la siti saba nitofautishe kwa kiasi gani?

---

NdooMbili alijibu:

Mkuu, nianze na (a), hesabu nawaachia wenye kalamu.

Kwa vifurushi hivyo vitatu unahitaji dawa saba. Shampuu isiyo kali, yaani yenye pH ya karibu 7. Sabuni ya povu la kulainisha uchafu kabla ya kugusa gari. Sabuni ya kazi zote, ile ya kuchanganya na maji. Dawa ya vioo isiyo na amonia. Dawa ya tairi ya maji. Sabuni ya siti na kapeti inayotoa povu kidogo. Ya saba ni kinga ya rangi ya kupulizia. Chupa ya nane ukiipenda ni ya kuyeyusha chembe za chuma kwenye rimu. Zaidi ya hapo ni muuzaji anajilipia kodi.

Sasa vipimo, maana humu ndimo hela inamomwagika. Dawa ikiandikwa 1:10, maana yake sehemu moja ya dawa na kumi za maji, jumla kumi na moja. Chupa ya nusu lita inachukua dawa kama mililita 45 tu, iliyobaki maji. Wengi wanakadiria kwa macho, wanaishia na 1:4 wakidhani ni 1:10, halafu wanalalamika dawa inaisha haraka na dashibodi inabaki na michirizi myeupe. Nunua kikombe cha vipimo, chora mstari kwenye chupa kwa wino usiofutika, mstari mmoja wa dawa na mwingine wa maji. Maji yatangulie, dawa ifuate, la sivyo chupa inajaa povu kabla ya maji.

Shampuu: nyingi ziko kati ya 1:200 na 1:500, soma kopo lako. Kwa 1:400, ndoo ya lita 20 inataka mililita 50. Ukizidisha gari halitakati zaidi, utapata kazi ya kusuuza tu na utando kwenye vioo.

Povu: chupa ya lita moja ya mashine ya presha, weka mililita 90 hadi 100 za sabuni, jazia maji. Kumbuka mashine nayo inaongeza maji yake wakati wa kupuliza, kwa hiyo kinachofika kwenye bodi ni chepesi mara kumi hivi kuliko kilichomo kwenye chupa. Hicho ndicho chanzo cha malalamiko ya "povu langu halifanyi kazi". Liache likae dakika 4 au 5, lisikaukie. Suuza kuanzia chini kwenda juu au juu kwenda chini, mafundi wanabishana miaka nenda miaka rudi, mimi sioni tofauti. Cha maana ni kusuuza kabla halijakauka.

Ndoo mbili si urembo. Moja ina shampuu, nyingine maji matupu ya kusuuzia glavu, na chini ya zote weka wavu wa kuzuia mchanga usipande. Mikwaruzo ya mizunguko, ile inayoonekana kama utando wa buibui gari likiwa juani, chanzo chake kikubwa ni punje za mchanga zilizobaki kwenye sponji na kusuguliwa upya juu ya klia, yaani lile tabaka angavu linalofunika rangi. Sponji bapa ni mbaya zaidi kwa sababu punje haina pa kuzama, inakaa juu juu na kukwaruza. Tumia glavu ya maikrofaiba yenye nyuzi ndefu, tena mbili: moja ya nusu ya juu, nyingine ya chini ya milango na bampa.

Sabuni ya vyombo na ya unga wa kufulia ziache jikoni. Ya vyombo inavua nta na kinga yoyote uliyopaka, haina utelezi wa kutosha. Ya unga ni kali, na chembe ambazo hazijayeyuka ni msasa mtupu.

Rimu: hapa watu wanaharibu mali za wenyewe. Dawa za asidi zinatakatisha haraka, ndiyo, lakini zinatafuna rimu isiyopakwa klia, zinaacha madoa kwenye kioo zikirukia, na zile zenye asidi ya hidrofloriki zinapenya ngozi na maumivu yake yanaweza kuchelewa kwa saa kadhaa, ukija kushtuka madhara yameshaingia ndani. Usiziweke kwenye kijiwe chenye watu wawili wasio na mafunzo. Sabuni ya kazi zote kwa 1:10 na brashi laini inatosha kwa rimu nyingi zenye klia. Rimu ya aluminiamu tupu, iliyong'arishwa bila klia, ioshe kwa shampuu tu. Na usipulizie kitu kwenye rimu ya moto: shika kwanza kwa mgongo wa mkono, ikiwa huwezi kuvumilia subiri ipoe.

Tairi lenyewe sabuni ya kazi zote 1:4, sugua mpaka povu liwe jeupe badala ya kahawia. Ukipaka dawa ya kung'arisha juu ya tairi chafu haishiki, na gari likikimbia inarukia milango. Mililita 25 hadi 30 zinatosha tairi nne. Paka kwa sponji ndogo, subiri dakika 10, futa ziada. Usiguse sehemu inayokanyaga barabara. Mafuta ya taa na dizeli kwenye tairi, tafadhali tuache. Mpira unavimba na kulainika.

Vioo: amonia inaharibu tinti. Vitaulo viwili, cha kwanza cha kufuta, cha pili kikavu cha kumalizia. Ndani futa kwa mlalo, nje kwa wima. Michirizi ikibaki utajua mara moja iko upande gani, hutazunguka gari mara tatu.

Vitaulo: gari moja linataka kama 12 ukihesabu vya kukaushia, vioo, ndani, fremu za milango na rimu. Panga kwa rangi na usivunje utaratibu huo hata siku ya haraka. Kitaulo kilichogusa rimu hakirudi kwenye bodi hata kikifuliwa, kwa sababu vumbi la breki hunasa ndani ya nyuzi. Fua kwa sabuni ya maji, nyuzi joto 40, bila dawa ya kulainisha nguo (inaziba nyuzi, kitaulo kinaanza kusukuma maji badala ya kunyonya) na bila kuchanganya na nguo za pamba, zinaacha manyoya. Usikaushe kwa joto kali, ncha za nyuzi zinayeyuka na kuwa ngumu.

Mashine ya presha: nozeli ya kijani ya nyuzi 25 au nyeupe ya 40, umbali wa sentimita 30 na zaidi. Ile nyekundu ya nyuzi 0 ifungie kabatini. Inaweza kukata ubavu wa tairi na kung'oa klia iliyoanza kupasuka.

---

Kikokotoo alijibu:

Nachukua (b) na (c).

Kosa la kwanza ni kudhani unauza dawa. Unauza dakika. Twende na hesabu. Namba ninazotumia si fedha ya nchi yoyote, ni vipimo tu, badilisha kwa zako.

Tuseme mfanyakazi analipwa 60 kwa saa, yuko kazini saa 8: 480 kwa siku. Ongeza kodi, umeme, maji, bima, kuchakaa kwa mashine na vitaulo, sehemu ya mtu huyo mmoja tuseme 200 kwa siku. Jumla 680. Wengi wanagawa kwa 8 na kupata 85 kwa saa. Hapo ndipo wanapotumbukia shimoni. Katika saa nane hizo kuna kusubiri mteja, kufua vitaulo, kula, kuongea na simu, kuhamisha magari. Saa zinazouzika kweli ni kama 5.5. Basi 680 ÷ 5.5 = karibu 124. Tofauti na ile 85 ni asilimia 45, na hiyo ndiyo faida ambayo watu huikuta imeyeyuka mwisho wa mwezi bila kujua ilikopitia.

Sasa muda wa kila kifurushi kwa gari dogo lenye uchafu wa kawaida, ukihesabu saa za mtu mmoja (watu wawili wakifanya pamoja, ujumlishe wote wawili):

Nje: saa 1.25
Nje na ndani: saa 2.75
Kikubwa: saa 5

Kifurushi cha kwanza: 124 × 1.25 = 155, dawa 8, jumla 163.
Cha pili: 341 na dawa 18, jumla 359.
Cha tatu: 620 na dawa 45, jumla 665.

Angalia sehemu ya dawa: asilimia 5 kwenye viwili vya kwanza, karibu 7 kwenye kikubwa. Ukipata dawa za nusu bei umeokoa 4 kwenye kifurushi cha kwanza. Fundi akipoteza dakika 10 akitafuta brashi umepoteza karibu 21, zaidi ya dawa yote ya gari hilo mara mbili na nusu. Kwa hiyo dawa inayofanya kazi haraka na haiachi michirizi ya kurudiwa ni nafuu hata ikiwa ghali kopo kwa kopo.

Na kopo kwa kopo nalo linadanganya. Linganisha lita iliyokwisha kuchanganywa. Kopo la lita 5 kwa 500, linachanganywa 1:10, linatoa lita 55: karibu 9 kwa lita. Kopo la lita 5 kwa 300, linachanganywa 1:3, linatoa lita 20: 15 kwa lita. La "bei rahisi" ndilo ghali.

Faida: kuna tofauti kati ya kuongeza asilimia 25 juu ya gharama na kutaka faida iwe asilimia 25 ya bei. Ukichukua 163 × 1.25 unapata 204, na faida yako ni asilimia 20 tu ya bei. Ukitaka 25 kamili gawanya kwa 0.75:

163 ÷ 0.75 = 217
359 ÷ 0.75 = 479
665 ÷ 0.75 = 887

Hizo ndizo bei zako za gari dogo. Zizungushe upendavyo, lakini kuelekea juu.

Punguzo nalo lina yake. Mteja wa kifurushi cha 479 anaomba asilimia 10. Inaonekana kidogo, ni 48. Lakini faida yako pale ilikuwa 120. Umemkabidhi asilimia 40 ya faida kwa neno moja "poa". Bora umwongezee kitu chenye dakika chache, kama kufuta buti na kupaka dawa ya mpira wa milango, kuliko kukata bei.

Mteja wa kurudi kila wiki mbili au tatu anastahili bei ya chini kwa sababu gari lake linachukua muda mfupi, si kwa sababu ni rafiki. Kifurushi cha pili kikishuka kutoka saa 2.75 hadi 2, gharama ni 248 na dawa 15, jumla 263, bei 351. Umempunguzia zaidi ya robo na faida yako bado ni asilimia 25 ya bei. Akipitisha wiki sita, anarudi bei ya kawaida. Liandike hilo tangu mwanzo.

Kuhusu (c): usitofautishe kwa jina la gari, tofautisha kwa dakika. Kwa kuanzia, zidisha dakika za gari dogo hivi: gari dogo 1, sedani kubwa na SUV ya siti tano 1.25 hadi 1.3, siti saba na pikapu ya kebini mbili 1.5 hadi 1.6. Pima magari kumi ya kila aina kwa saa ya mkononi, kisha rekebisha. Kipimo cha siti saba hupanda zaidi kwenye vifurushi vya ndani kuliko cha nje, kwa sababu safu ya tatu ni kona tupu na reli zilizojaa mchanga.

Hali ya gari itenge na ukubwa. Nywele za mbwa, mchanga wa ufukweni, lami iliyoganda, matapishi: hivyo ni dakika za ziada na vinalipiwa kwa dakika. Nywele za mnyama peke yake zinaweza kula dakika 30 hadi 60. Mwambie mteja kabla funguo hazijabadilisha mikono. Bei ikitajwa baada ya kazi hata ikiwa ya haki inakuwa ugomvi.

---

PovuJeupe aliandika:

Aisee, hiyo ya saa 5.5 imenigusa. Asanteni sana. Maswali mawili yanabaki. Siti zikifuliwa zinaanza kunuka siku ya pili, shida ni sabuni? Na kinga ya rangi kwenye kifurushi cha tatu, niweke nta au hiyo ya kupulizia?

---

SitiKavu alijibu:

Sabuni mara nyingi haina kosa. Ni maji mengi. Sponji iliyomo ndani ya siti ni nene, ikilowa hadi katikati haikauki kwa siku moja, na uchafu wa zamani unapanda na maji hadi juu ya kitambaa. Ndiyo maana doa lililopotea jana linarudi leo likiwa na duara la kahawia pembeni.

Utaratibu: vakyumu kavu kwanza, tena kwa dakika nyingi kuliko unavyodhani, kila kiti pande mbili. Pulizia sabuni iliyochanganywa kama 1:20 kidogo, kitambaa kiwe na unyevu, kisitiririke. Sugua kwa brashi ya nywele laini, acha dakika 3 hadi 5. Kisha pita na mashine: puliza mara moja, nyonya mara tatu au nne bila kupuliza. Hesabu hiyo ndiyo siri yote. Maji ya tangi yanayonyonywa yakianza kutoka karibu meupe, simama. Pita ya mwisho iwe ya maji matupu, sabuni ikibaki inanata na kuvuta vumbi, kiti kinachafuka haraka kuliko kabla hujakigusa.

Kukausha: madirisha wazi, feni inapiga ndani, saa 4 hadi 8 kutegemea hewa. Kwa hiyo kifurushi cha tatu kipokelewe asubuhi. Usikubali kulipokea gari saa tisa alasiri ukamkabidhi mteja jioni likiwa limefungwa vioo. Hapo umemkabidhi ukungu.

Chini ya siti kuna viunganishi vya umeme vya rangi ya manjano, hivyo ni vya mifuko ya hewa. Usivilowanishe, usivichomoe. Ukichomoa kimoja kisha swichi ikawashwa, taa ya tahadhari ya mifuko ya hewa inaweza kuwaka na ikabaki mpaka ifutwe kwa kompyuta.

Dari usilifue kama siti. Kitambaa chake kimegandishwa kwa gundi juu ya povu jembamba, likilowa gundi inaachia na dari linaning'inia. Pulizia kwenye kitaulo, si kwenye dari, futa kuelekea upande mmoja.

Ngozi: siti nyingi za ngozi za magari ya leo zimepakwa rangi na tabaka la plastiki juu. Hicho unachosafisha ni tabaka hilo. Sabuni laini, brashi laini, futa. Mafuta ya "kulisha ngozi" yanakaa juu tu na kuifanya ing'ae na kuteleza. Mng'ao kwenye siti ya ngozi mara nyingi ni uchafu na jasho. Ngozi safi haing'ai sana.

Na dashibodi: dawa ya maji inayoacha mwonekano wa asili. Ile ya kung'aa inarudisha mwanga kwenye kioo cha mbele na kumsumbua dereva. Usukani, pedali na kapeti ya dereva visipakwe kitu chochote cha utelezi. Hili si suala la ladha.

---

KliaNgumu alijibu:

Kwa kinga ya rangi, bila mashine ya polishi chagua ya kupulizia yenye silika. Nta ya karnauba inapendeza, lakini kwenye gari linalolala nje na kuoshwa mara kwa mara hukaa wiki chache tu, na kuipaka kwa mkono kunakula muda ambao Kikokotoo ameshakuonyesha bei yake. Ya kupulizia inamalizika kwa dakika 15 hadi 20, mililita 50 kwa gari, na kwa matunzo ya kawaida inakaa mwezi mmoja hadi mitatu. Sema hivyo hivyo kwa mteja. Ukiandika "kinga ya mwaka mzima" utaisafisha hiyo gari bure miezi kumi.

Ipake kwenye bodi iliyopoa, kivulini, paneli moja moja, na kitaulo cha pili kifuate papo hapo. Ikikaukia juani inaacha mawingu, hasa kwenye nyeusi. Ikishatokea usisugue kwa nguvu: pulizia tena kidogo juu yake, ile mpya inayeyusha ile iliyoganda, kisha futa.

Kotingi ya keramiki, lile tabaka gumu kama kioo la kulinda rangi, iache nje ya vifurushi hivi. Bila kuondoa mikwaruzo kwa polishi kwanza unafungia mikwaruzo chini ya kioo, kuiondoa baadaye ni msasa au polishi.

Sipingani na NdooMbili sana, ila dawa ya chembe za chuma kwangu siyo ya hiari kwenye kifurushi cha tatu. Kinga inashika kwenye rangi safi, na vumbi la breki lililojichoma kwenye klia halitoki kwa shampuu. Pitisha kiganja ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki juu ya boneti iliyooshwa. Ukihisi kama msasa, chembe zipo. Pulizia, itageuka zambarau ikiyeyusha chuma, dakika 3 hadi 5, suuza vizuri. Harufu yake ni ya mayai viza, kwa hiyo isitumike penye hewa finyu.

Udongo wa klei, lile donge laini la kusugulia bodi kutoa uchafu ulioganda, ndio usiuweke. Unatoa kila kitu, ndiyo, lakini unaacha alama nyembamba, na kwenye gari jeusi zinaonekana kabisa. Zinaondolewa kwa polishi, ambayo wewe huna. Utakuwa umechukua gari lenye vumbi la chuma na kurudisha lenye mikwaruzo.

---

NdooMbili aliandika:

Nakubali kwa kifurushi cha tatu. Nilikuwa nafikiria viwili vya kwanza.

Naongeza moja nililosahau: maji. Kama maji yenu yana chumvi nyingi, gari likikaukia lenyewe linabaki na madoa meupe ya duara, na yakipigwa na jua kwa siku kadhaa yanaweza kula klia. Kifaa kidogo cha kupima chumvi kwenye maji ni cha bei ya chini. Kama kinasoma zaidi ya ppm 200 hivi (miligramu kwa lita), osha kivulini tu, lowanisha gari lote mara kwa mara wakati wa kuosha, na kausha kwa taulo kubwa nene mara tu baada ya kusuuza, ukianza na vioo na paa. Fungua na kufunga milango kabla ya kukausha mara ya pili, maji yaliyojificha kwenye vioo vya pembeni na vitasa yatatoka yenyewe.

Injini nayo iondoe kwenye vifurushi vyote. Watu wataiomba. Maji ya presha kwenye alternata, kwenye njia ya hewa au kwenye viunganishi vya zamani vilivyopasuka yanaleta gari lisilowaka, na hapo hutajua kama hitilafu ilikuwepo kabla. Kufuta kwa kitaulo chenye unyevu wakati injini imepoa, sawa.

---

PovuJeupe aliandika:

Swali la mwisho, naahidi. Ununuzi wa kwanza niweke lita ngapi za kila kitu? Sitaki makopo ya lita 20 yanayokaa mwaka.

---

Kikokotoo alijibu:

Anza na uwezo wako, dawa zitafuata. Watu wawili kwa saa 5.5 ni saa 11 za kuuza kwa siku. Mchanganyiko unaoingia humo: magari mawili ya nje (2.5), moja la nje na ndani (2.75), moja kubwa (5). Jumla 10.25. Kwa hiyo magari manne kwa siku, siku 26, ni 104 kwa mwezi. Hapo umejaa, usipokee la tano.

Shampuu mililita 50 × 104 = lita 5.2.
Povu mililita 90 × 104 = lita 9.4.
Sabuni ya kazi zote: tairi mililita 300 za mchanganyiko wa 1:4 ni 60 za dawa, × 104 = lita 6.2; ndani chupa moja ya nusu lita kwa 1:10 ni 45, × magari 52 = lita 2.3. Jumla 8.6. Rimu zitaongeza kidogo.
Dawa ya tairi mililita 30 × 104 = lita 3.1.
Kinga ya kupulizia mililita 50 × 26 = lita 1.3.
Sabuni ya siti, lita moja ya mchanganyiko wa 1:20 kwa gari, karibu mililita 48 × 26 = lita 1.2.

Lakini mwezi wa kwanza hutajaza siku zote. Chukua nusu: makopo ya lita 5 kwa shampuu, povu na sabuni ya kazi zote, moja moja, dawa ya tairi lita 2, kinga na sabuni ya siti lita moja moja. Dawa iliyochanganywa na maji ya bomba usiiweke miezi, changanya ya wiki moja na uandike tarehe na kipimo kwenye chupa. Na kila chupa iwe na jina. Chupa nyeupe zisizo na jina ndizo zinazofanya dawa ya rimu ikapulizwa kwenye dashibodi.

Hela iliyobaki iende kwenye vitaulo. NdooMbili kasema 12 kwa gari. Magari manne ni 48 kwa siku, na vya jana viko kwenye kamba. Chini ya 100 utaanza kutumia vichafu ifikapo Jumatano.

---

SitiKavu aliandika:

Na fomu ya kupokea gari, karatasi moja tu: picha za pande nne, mikwaruzo iliyopo, taa za tahadhari zinazowaka, vitu vilivyomo ndani, saini ya mteja. Dakika tatu. Ziingize kwenye ile saa 1.25.

---

PovuJeupe aliandika:

Nimeziingiza. Cha kwanza kimekuwa dakika 78, cha pili 168, na bei mpya zinaandikwa ubaoni.